Ushindi wa Maresha na Gharama Yake Rama

Mfalme Asa wa Yuda ameandikwa mara mbili katika Biblia, na waandishi wake wawili hawakukubaliana ni jambo gani lililokuwa kubwa maishani mwake. Mwandishi wa Wafalme alimpa mistari 16 tu: alitawala miaka 41, akaondoa sanamu, akamvua Maaka cheo cha mama wa mfalme, akapigana na Baasha wa Israeli, akaugua miguu uzeeni, akafa. Mwandishi wa Mambo ya Nyakati alimpa sura tatu, mistari 48, na ndani yake akaweka vita ambavyo mwenzake hakuvigusa kabisa: Zera Mkushi anapanda na watu elfu elfu na magari mia tatu, Asa anamlilia Mungu wake huko Maresha, adui anakimbizwa mpaka Gerari.

Wahubiri wetu walikwishaamua zamani kipi kina utamu. Asa akitajwa mimbarini, iwe Mbeya au Kisumu, mara nyingi kinachofuata ni sala yake ya Maresha. Habari ya Rama, ya fedha iliyopelekwa Dameski na mwonaji aliyefungwa, husomwa haraka kama aibu ya mtu aliyeanza vizuri akaharibikiwa mwishoni. Nadhani tunakosea kuvitenga vipande hivyo viwili. Ushindi wa Maresha ndio uliolipia mageuzi ya Yerusalemu, na mageuzi hayo ndiyo yaliyomfanya Baasha aje kuziba njia huko Rama. Asa aliyefungua hazina ya hekalu hakuwa mtu mwingine aliyepoa imani. Alikuwa yule yule, akilipishwa mafanikio yake.

Tutazame kwanza alichorithi. Sulemani alipokufa, karibu 930 KK, makabila ya kaskazini yalimkataa mwanawe Rehoboamu na kujiundia ufalme wao wa Israeli. Rehoboamu akabaki na Yuda na sehemu ya Benyamini, milima ya mawe ambayo kilimo chake hutegemea mvua za msimu mmoja. Katika mwaka wake wa tano akaja Farao Shishaki, ambaye kwa Wamisri ni Shoshenq wa Kwanza, akachota hazina za hekalu na za ikulu. Ngao za dhahabu za Sulemani zilikwenda Misri; Rehoboamu akatengeneza za shaba, zikawa zinabebwa na walinzi kila mfalme anapoingia hekaluni, kisha zinarudishwa chumbani mwao. Shoshenq alichonga orodha ndefu ya miji kwenye ukuta wa hekalu la Karnak. Yerusalemu haimo katika majina yanayosomeka hadi leo, na hilo linaendana na habari ya mji ulionunua usalama wake kabla haujabomolewa. Abiya aliyefuata alikaa miaka mitatu tu. Kwa hiyo Asa alipoketi, karibu 910 KK, mkononi alikuwa na hazina iliyokwisha kukombwa, mpaka wa kaskazini usiotulia, na mji mkuu mdogo juu ya chemchemi ya Gihoni ambao adui akipiga kambi Rama angeufikia kabla jua halijawa kali.

Mambo ya Nyakati husema nchi ilitulia miaka kumi, na Asa akaitumia kujenga: kuta, minara, malango, makomeo. Kisha akatokea Zera.

Hapa msomaji makini hukwama kwenye hesabu, na ana haki ya kukwama. Asa anapewa watu 300,000 wa Yuda wenye ngao na mikuki, na 280,000 wa Benyamini wenye ngao na pinde, jumla 580,000. Zera anapewa milioni. Kipimo cha nje kipo, na hakiko mbali. Mwaka 853 KK, si zaidi ya miaka 20 baada ya Asa kufa, Shalmaneser wa Tatu wa Ashuru alikabiliana huko Qarqar na muungano wa wafalme wa Shamu na majirani zake, akaandika nguvu za kila mmoja kwenye jiwe linalojulikana kama mnara wa Kurkh. Hadadezeri wa Dameski alileta askari wa miguu 20,000 na magari 1,200. Ahabu wa Israeli alileta watu 10,000 na magari 2,000. Gindibu Mwarabu alileta ngamia 1,000. Hizo ni tarakimu za mtu aliyekuwa na kila sababu ya kuwakuza maadui zake, na bado muungano mzima, uliokusanya nguvu za eneo lote, haufiki hata sehemu ya kumi ya jeshi la Zera.

Kuna kitu kingine ambacho mara nyingi hupita bila kuonwa. Kwa mwandishi wa Mambo ya Nyakati, Shishaki alikuja na magari 1,200 na wapanda farasi 60,000. Zera, mwenye watu milioni, ana magari 300. Tarakimu hizo mbili hazikai pamoja. Magari mia tatu ni nguvu ya kamanda wa mpakani, au ya mtu anayesaidiwa na dola kubwa kwa mbali. Ni hesabu ya kweli ya vita. Elfu elfu ni hesabu ya mahubiri. Mwandishi wa Mambo ya Nyakati aliandika karne nyingi baadaye, Yuda ikiwa jimbo dogo chini ya Uajemi au muda mfupi baada yake, bila mfalme wala jeshi lake yenyewe. Wasomaji wake walijua maana ya kuwa wachache. Aliwapa adui asiyehesabika ili wasihesabu. Alikwishafanya hivyo katika habari ya Abiya, aliyesimama na watu 400,000 mbele ya 800,000 wa Yeroboamu wa Israeli. Sioni sababu ya kumdharau kwa hilo. Naona sababu ya kutomsoma kama karani wa jeshi.

Na Zera mwenyewe ni nani? Msomaji wa Afrika Mashariki hulichukulia swali hili kwa uzito wake, kwa sababu Kushi ni nchi ya Mto Naili iliyo kusini ya Misri, Sudan ya leo, na Zera anasimama hapo kama Mwafrika aliyeshindwa. Lakini karibu 900 KK hakukuwa na ufalme wa Kushi tunaoujua ambao ungeweza kuvusha jeshi Misri nzima, chini ya pua ya Farao Osorkon wa Kwanza, mpaka milima ya Yuda. Wafalme wa Kushi walioitawala Misri, Piye na waliomfuata, ni wa karne ya nane KK, zaidi ya miaka 150 baadaye. Baadhi ya wataalamu, Kenneth Kitchen miongoni mwao, wamemwona Zera kuwa jemadari mwenye asili ya Kushi katika utumishi wa Osorkon. Wengine hutazama upande wa jangwa la kusini, ambako Biblia yenyewe hutaja Kushani sambamba na Midiani, na huwataja Waarabu kuwa majirani wa Wakushi.

Mimi huangalia nyara. Watu wa Asa walipomfukuza adui mpaka Gerari, upande wa Gaza, walipiga miji ya huko, kisha wakapiga mahema ya wenye mifugo na kurudi na kondoo wengi na ngamia. Hazitajwi dhahabu za ikulu, wala farasi wa kifalme, wala mfalme mateka. Jeshi lililotoka Naili halitembei na kondoo na mahema ya wafugaji. Mtu unayemkuta baada ya kumfukuza kwa siku moja au mbili, akiwa na wanyama wake na familia zake, ni jirani yako wa mpakani, pengine mwenye magari na wakubwa aliopewa na Misri. Mwonaji Hanani, baadaye, anawataja Walibya pamoja na Wakushi katika vita hivyo, na mchanganyiko huo ni wa majeshi ya Misri ya wakati ule. Kwa hiyo nakisia hivi: wafugaji wa Gerari, wakiwa na askari wa kukodiwa ambao Misri iliwaacha mpakani, walijaribu kupanda njia ya Shefela, vilima vya magharibi ya Yuda.

Maresha ulikuwa mahali pazuri pa kuwazuia. Ulikuwa mmoja wa miji 15 ambayo, kwa mwandishi wa Mambo ya Nyakati, Rehoboamu aliijengea ngome, na ulilinda njia ya kutoka nyanda za chini kupanda kuelekea Hebroni. Aliyeshika Maresha alishika ngazi ya kusini-magharibi ya ufalme. Asa aliutetea, akafaulu, kisha akafanya kosa ambalo wafalme wengi hufanya na wachache hujutia: hakuishia mpakani pake. Aliendelea mpaka Gerari. Huko ndiko alikopata mali.

Ninasisitiza mali kwa sababu Mambo ya Nyakati yenyewe inasisitiza. Katika mwezi wa tatu wa mwaka wa 15 wa Asa, watu walikusanyika Yerusalemu kufanya agano la kumtafuta Mungu wa baba zao kwa moyo wote, wakachinja ng'ombe 700 na kondoo 7,000, na mwandishi anasema waziwazi kwamba wanyama hao walitoka katika nyara. Nchi ilitulia miaka kumi, karamu ikawa mwaka wa 15. Basi vita viko katikati ya hapo, na huenda mifugo ya Gerari ilikuwa bado haijatawanywa kwa wenyewe. Ufalme uliokuwa unatembeza ngao za shaba ukalisha umma nyama kwa siku hiyo. Mfalme asiyekuwa na nyara angeita kusanyiko kama hilo kwa kodi, na kodi ndiyo iliyovunja ufalme wa Sulemani.

Ujasiri nao ulitoka huko huko. Maandiko yanasimulia mageuzi ya Asa mara mbili. Kwanza, mara tu alipotawala, aliondoa madhabahu za kigeni, akavunja nguzo, akakata maashera, nguzo za ibada ya mungu wa kike Ashera. Kisha, baada ya Maresha, Azaria mwana wa Odedi anamlaki na neno la kumtia moyo, naye anajipa nguvu, anaondoa machukizo katika nchi yote na hata katika miji aliyoiteka milima ya Efraimu, na anaitengeneza upya madhabahu mbele ya ukumbi wa hekalu. Kama kazi ilikwisha mwanzoni, kwa nini irudiwe? Jibu lililo karibu ni kwamba ya kwanza ilikuwa amri na ya pili ilikuwa uwezo. Mfalme kijana, mwana wa mtu aliyetawala miaka mitatu, hutangaza. Mfalme aliyerudi na ngamia wa adui hutekeleza.

Jambo alilolitekeleza lenye uzito kuliko yote lilikuwa ndani ya nyumba yake. Maaka, binti Abishalomu, alikuwa na cheo cha mama wa mfalme. Kitabu cha Wafalme kinamtaja kuwa mama wa Abiya na pia mama wa Asa, na namna rahisi ya kuelewa ni kwamba alikuwa bibi wa Asa aliyeendelea kushika cheo mwanawe alipokufa mapema. Cheo hicho hakikuwa cha heshima tupu. Bathsheba aliwekewa kiti mkono wa kuume wa Sulemani. Athalia, miongo kadhaa baada ya Asa, alikalia kiti cha enzi mwenyewe. Na Wafalme hutaja mama wa karibu kila mfalme wa Yuda. Mwanamke aliyekuwa ikulu tangu enzi za Rehoboamu, chini ya mjukuu aliyerithi ghafla, bila shaka alikuwa na watu wake, makuhani wake na marafiki zake katika jeshi. Alitengeneza sanamu ya kuchukiza kwa ajili ya Ashera. Asa akaikata, akaiteketeza katika kijito cha Kidroni, na Maaka akavuliwa cheo.

Mambo ya Nyakati inaliweka tukio hilo baada ya vita na baada ya agano, na hapo ndipo linapoeleweka. Moto wa Kidroni ulikuwa wa dini, lakini ulikuwa pia siku ambayo mfalme aliacha kuwa mjukuu. Sidhani hilo linapunguza uaminifu wake. Linaeleza tu kwa nini ilimchukua miaka 15.

Kuanzia hapo mageuzi yalipungukiwa nguvu. Mahali pa juu pa ibada hapakuondolewa, asema mwandishi wa Wafalme. Mambo ya Nyakati inasema Asa alipaondoa katika miji ya Yuda, kisha inakiri sura moja baadaye kwamba hapakuondolewa katika Israeli. Wachimbaji wa mambo ya kale wametuonyesha ukubwa wa kazi iliyobaki. Mwaka 2012 huko Moza, kilomita chache magharibi ya Yerusalemu, ulipatikana msingi wa hekalu lenye ua na madhabahu, lililoanza kutumika katika enzi inayozunguka Asa na mwanawe, likaendelea kwa vizazi. Ngome ya Aradi, kusini, ilikuwa na hekalu lake baada ya Asa. Huko Khirbet el-Qom, magharibi ya Hebroni na si mbali na Maresha, kaburi la karne ya nane KK limeandikwa maneno ya baraka yanayomtaja Yehova pamoja na Ashera wake. Familia iliyoliandika haikujiona imeasi; iliombea maiti wake kwa jina la Mungu wa Asa. Hapa ndipo ugumu ulipo. Maandiko humwita Ashera chukizo, na wengi tunamfikiria kuwa mgeni aliyepenyezwa kutoka Foinike, kumbe kwa watu wa vijiji vya Yuda alikuwa wa nyumbani. Mfalme angeweza kumwondoa ikulu kwa amri moja. Kumwondoa Hebroni kulihitaji kuondoa desturi za mazishi za kila ukoo.

Agano la mwaka wa 15 lilijaribu kufika huko kwa kitisho: asiyemtafuta Mungu wa Israeli auawe, mdogo kwa mkubwa, mwanamume kwa mwanamke. Sheria kali namna hiyo hutungwa na serikali inayojua mkono wake ni mfupi. Mwandishi hatuambii kwamba kuna aliyeuawa kwayo.

Na sasa tunafika kwenye sentensi ambayo, kwangu, ndiyo kiungo cha habari yote. Katika kusanyiko lile walikuwemo wageni kutoka Efraimu, Manase na Simeoni. Kwa maana watu wengi wa Israeli walimwangukia Asa, walipoona kwamba Mungu wake yu pamoja naye. Yaani ushindi wa Maresha ulikuwa habari njiani. Watu wa ufalme wa kaskazini walianza kuhama kuelekea kusini, wakaja na mikono yao, mifugo yao na utii wao.

Baasha alikuwa ameingia madarakani kwa kumuua Nadabu mwana wa Yeroboamu na kuifyeka nyumba yake yote. Mtawala wa aina hiyo huhesabu watu kila asubuhi. Vitabu vyote viwili vinasema kwa nini aliijenga Rama: asimwache mtu kutoka wala kuingia kwa Asa. Wafafanuzi wengi huona hapo vita vya mpaka tu. Lakini ngome ya kuzuia watu wasitoke hujengwa na anayepoteza watu. Rama iko kama kilomita 8 kaskazini ya Yerusalemu, juu ya barabara ya mgongo wa milima, na kwa kuizuia Baasha aliziba biashara, hija na uhamaji kwa jiwe moja.

Tatizo la tarehe linajulikana. Mambo ya Nyakati inasema Baasha alipanda katika mwaka wa 36 wa Asa. Wafalme inasema Baasha alianza katika mwaka wa tatu wa Asa, akatawala miaka 24, na mwanawe Ela akashika nafasi yake katika mwaka wa 26. Mtu aliyekufa miaka kumi kabla hajengi ngome. Edwin Thiele alipendekeza kwamba miaka hiyo ilihesabiwa tangu ufalme ulipogawanyika: ukitoa 17 ya Rehoboamu na 3 ya Abiya, mwaka wa 36 unakuwa wa 16 wa Asa. Wapinzani wake hujibu kwamba maneno yalivyo yanasema wazi utawala wa Asa, na kwamba mwandishi alisogeza tarehe makusudi ili amani ndefu ifuate agano. Huenda wanasema kweli kuhusu nia ya mwandishi. Lakini kama kuna kumbukumbu ya zamani nyuma ya tarakimu hizo, hesabu ya Thiele inatupa jambo la kushangaza: Rama ilianza kujengwa mwaka mmoja tu baada ya karamu ya nyara. Na hata ukiiweka tarakimu hiyo pembeni, Baasha alikufa kabla ya mwaka wa 27, kwa hiyo miaka mirefu ya amani kati ya agano na Rama haipo. Asa mzee aliyesahau maombi ya ujana wake ni mtu wa mahubiri. Aliyeamua habari ya Rama alikuwa mfalme wa makamo, na Maresha kulikuwa bado mdomoni mwa watu.

Aliamua hivi. Alitwaa fedha na dhahabu iliyosalia katika hazina za hekalu na za ikulu, akampelekea Ben-hadadi mwana wa Tabrimoni, mfalme wa Shamu aliyekaa Dameski, amwombe avunje mapatano yake na Baasha. Mistari michache nyuma, katika vitabu vyote viwili, Asa huyo huyo anaingiza hekaluni vitu vilivyowekwa wakfu na baba yake na yeye mwenyewe, fedha, dhahabu na vyombo. Waandishi hawakuona haja ya kusema kitu kati ya kuingiza na kutoa. Mageuzi yalikuwa yamelijaza hekalu tena baada ya Shishaki, na hekalu lililojaa lilikuwa pia benki pekee ya dola.

Ben-hadadi alikubali. Majeshi yake yakapiga Iyoni, Dani, Abel-beth-maaka, na Kinerethi pamoja na nchi ya Naftali. Baasha akaacha Rama, akarudi Tirsa. Kwa hesabu ya kijeshi mpango ulifaulu kabisa, bila kutajwa askari hata mmoja wa Yuda aliyekufa. Mwandishi wa Wafalme anaueleza bila lawama na kumhesabu Asa mwema kama Daudi. Mwandishi wa Mambo ya Nyakati anamleta Hanani mwonaji: ulimtegemea Mungu mbele ya Wakushi, ukamtegemea Shamu mbele ya Baasha, tangu sasa utakuwa na vita. Asa anakasirika, anamtia Hanani katika mkatale, na wakati huo huo anawaonea baadhi ya watu.

Kati ya waandishi hao wawili, nani alimwelewa mfalme zaidi? Nasimama na Hanani, ila si kwa sababu aliyoitoa. Miji iliyopigwa ilikuwa ya Waisraeli. Mwaka uliotangulia, kama hesabu ya Thiele ni sahihi, watu wa kaskazini walikaribishwa Yerusalemu kama ndugu wa agano na kulishwa nyama ya nyara. Kisha fedha ya hekalu lile lile ikalipia kupigwa kwa Naftali. Kibaya zaidi, Dameski ilijifunza njia ya Galilaya kwa gharama ya Yuda. Na hazina ya hekalu ikawa mazoea: Yoashi aliitoa kwa Hazaeli wa Shamu, Ahazi kwa mfalme wa Ashuru, na Hezekia, mwanamageuzi mkubwa kuliko Asa, alibandua dhahabu ya milango ya hekalu kumpa Senakeribu.

Watu walioonewa pengine tunaweza kuwakisia. Asa alitangaza kazi kwa Yuda yote, bila kumsamehe mtu, wakabeba mawe na miti ya Rama na kujenga Geba na Mispa. Kazi ya shokoa ndiyo iliyoyafanya makabila ya kaskazini yampige mawe Adoramu, msimamizi wa Rehoboamu. Ngome zenyewe zilikuwa nzuri. William Badè, aliyechimba Tell en-Nasbeh kati ya 1926 na 1935, mahali ambapo wengi hupatambua kuwa Mispa, alikuta ukuta wa mji wenye unene wa kama mita 4. Wengi huuhusisha na Asa, ingawa wapo wanaoushusha kwa wafalme wa baadaye. Mpaka aliouchora ulidumu: karibu karne tatu baadaye, Mfalme Yosia alipoharibu mahali pa juu pote, ufalme wake ulitajwa kutoka Geba mpaka Beer-sheba. Naye Yeremia anasimulia jinsi Ishmaeli mwana wa Nethania alivyotupa maiti za watu aliowaua katika shimo la Mispa, na anaongeza, kana kwamba kila mtu alilijua, kwamba Asa ndiye aliyelichimba kwa kumwogopa Baasha.

Ugonjwa wa miguu wa mwaka wa 39 nitaupita haraka. Mwandishi analaumu kwamba Asa aliwatafuta waganga badala ya Mungu, na wapo wanaoitumia habari hiyo kuwazuia wagonjwa wasiende hospitali. Yoshua bin Sira, Myahudi wa karne ya pili KK, aliandika kwamba tabibu aheshimiwe kwa kuwa Mungu ndiye aliyemuumba. Mlango huo wa mabishano ulifungwa zamani. Asa alizikwa katika kaburi alilojichimbia katika mji wa Daudi, juu ya kitanda kilichojaa manukato, na wakamchomea uvumba mwingi mno. Yuda haikumzika kama mfalme aliyeanguka.

Mwanawe Yehoshafati alirithi ngome zilizokamilika na urafiki usio salama. Akaoana na nyumba ya Ahabu, na huko Ramoth-gileadi akasimama vitani upande wa mfalme wa Israeli dhidi ya Dameski, mji uleule ambao baba yake alikuwa ameulipa uipige Israeli. Ahabu akafa. Yehoshafati aliporudi Yerusalemu mzima, alilakiwa njiani na mwonaji Yehu, mwana wa Hanani, akamkemea kwa kuwasaidia waovu, kama Hanani alivyomkemea Asa. Yehoshafati hakumfunga. Alitoka akazunguka nchi kutoka Beer-sheba mpaka milima ya Efraimu, akaweka waamuzi katika kila mji wenye boma, akawaonya wasipokee rushwa.